Shali ya sufu ya Kachchh: kuitambua, kuivaa, kuifua na kuihifadhi ukiwa Mwanza

Sufu ni nywele. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya mwongozo huu utaikisia hata kabla hujaisoma. Nywele ukizichoma zinanuka. Ukizisugua kwa maji ya moto na sabuni kali zinafungamana. Ukizimwagia jiki zinakatikakatika, na wapo wadudu ambao chakula chao ni hizohizo. Shali ya sufu iliyofumwa kwa mkono huharibika kwa njia hizi zote, na kandokando ya Ziwa Victoria huharibika upesi zaidi: unyevu ni mwingi, mawe tunayoanikia nguo yanachoma kufikia saa sita mchana, na mikono yetu imezoea kuifua kila nguo kama suruali ya jinzi.

Shali tunayoizungumzia hapa hasa ni ya Kachchh, wilaya ya Gujarat, magharibi mwa India, ambako familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zina asili. Kashmir tutaigusa pale inapobidi tu, kwa sababu jina lake linatumika kuuzia shali nyingi ambazo hazijawahi kuiona Kashmir.

Ilivyofumwa

Si lazima uwe mfumaji, ila usipojua nyuzi zimepitaje hutatofautisha kazi ya mkono na ya mashine, wala hutaweza kuurudisha uzi uliovutika.

Bhujodi ni kijiji kilicho kilomita chache kutoka mji wa Bhuj, na wafumaji wake wa jamii ya Vankar wanajulikana kwa kazi hii. Zamani sufu waliipata kwa Warabari, wafugaji wanaohama na kondoo, mbuzi na ngamia wao, na Warabari wakapata kwao mablanketi na shali. Wanawake wa nyumbani huandaa nyuzi na mfumaji huketi ukingoni mwa shimo, miguu ikiwa ndani ya shimo ikikanyaga vibao vinavyopandisha na kushusha nyuzi. Nyuzi za urefu, zilizotandikwa na kukazwa kwanza, ndizo mtande. Uzi unaokwenda na kurudi kwa upana ni mshindio. Mtande wa sufu hupakwa uji wa unga wa ngano kwa brashi ili usikatike mtamboni, na kwa kawaida ya zamani walichanganya na utomvu wa kitunguu pori.

Mapambo ndiyo yenye kazi. Uzi wa rangi hauendi upana wote wa shali. Mfumaji anahesabu nyuzi za mtande, anazinyanyua kwa vidole, anapitisha uzi wa rangi chini ya zile alizonyanyua tu, halafu anarusha mshindio wa kawaida kutoka ukingo hadi ukingo na kuupiga kwa kitana ukae. Mstari unaofuata anaongeza nyuzi mbili au anapunguza mbili, na pambo linakua kidogo kidogo kama ngazi. Ndiyo maana mapambo ya Kachchh yana pembe kali na hayana mviringo: kuna chaumukh, umbo la nyuso nne, na kuna vankia, mstari wa zigizaga. Shali yenye mapambo machache humalizika kwa siku chache; iliyojaa huchukua wiki na hata miezi.

Ukiona shali nzito ya kiume, dhablo, itazame katikati. Ilifumwa vipande viwili vyembamba, vikaunganishwa kwa mshono wa rangi unaoitwa machhi kanta, maana yake mwiba wa samaki. Mtu wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mshono wenyewe unafanana kabisa na mgongo wa sato aliyeliwa.

Kabla hujatoa pesa

Hapa mjini shali hizi hutufikia kwa njia tatu: maduka ya vitambaa ya katikati ya mji na Makoroboi, marobota ya mitumba ya Mlango Mmoja, na zawadi za ndugu aliyekwenda India kwa matibabu. Kwenye mitumba ndipo jicho lako linapolipa, kwa sababu shali ya mkono inaweza kutundikwa pamoja na mitandio ya kawaida na ikauzwa kwa bei hiyohiyo.

Anza na upande wa nyuma. Geuza shali ulitazame pambo moja kwa karibu. Kamera ya simu ukiikuza inatosha. Kwenye kazi ya mkono utaona uzi wa rangi unafika mwisho wa pambo, unageuka, unarudi. Kwenye kazi ya mashine, uzi wa rangi umepita upana wote nyuma ya kitambaa kisha ukakatwa kati ya pambo na pambo, kwa hiyo nyuma utakuta vinyuzi vifupi vilivyosimama kama ndevu za siku mbili. Ukikuta rangi ipo mbele tu na nyuma pamefifia, hiyo imechapwa.

Kisha pitisha vidole kwenye kingo mbili za urefu. Mfumaji anageuza mshindio pale, kwa hiyo ukingo wa mkono umejifunga wenyewe na una mawimbi madogo. Ukikuta ukingo umekatwa na kushonwa kwa cherehani, kitambaa kilitoka kwenye jora pana. Matamvua nayo yatazame. Yanapaswa kuwa nyuzi zilezile za mtande zilizobaki nje na kusokotwa. Yakiwa yameshonewa baadaye, achana nayo.

Jaribio la moto ndilo linalomaliza ubishi, ila muombe muuzaji ruhusa kwanza. Chomoa uzi wa sentimita mbili kutoka kwenye tamvua, ushike kwa kibanio, usogeze kwenye kiberiti ukiwa mbali na nguo. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na hujizimia ukiondoa moto. Majivu yake ni meusi na ukiyabana kwa kucha yanakuwa unga. Akriliki, uzi wa plastiki wa kiwandani, huyeyuka, hunuka plastiki, na huacha kipira kigumu kisichovunjika. Pamba na viskosi, uzi wa kiwandani utokanao na mbao, huwaka mbio na kunuka karatasi. Jaribu uzi wa mtande na wa mshindio, kila mmoja peke yake: shali nyingi zina sufu upande mmoja na akriliki upande wa pili. Si dhambi, wafumaji wenyewe wa Kachchh hutumia akriliki kwa shali za bei nafuu, lakini bei iendane na ulichopewa.

Kuhusu neno pashmina. Pashmina ya kweli ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa Changthang, nyanda za juu za Ladakh zilizo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Unyoya wake una unene wa mikroni 12 hadi 16 tu. Hukusanywa kwa kuwachana mbuzi majira ya kuchipua, husokotwa kwa mkono, na kwenye shali za Kashmir zinazoitwa kani mfumaji hutumia vijiti vingi vidogo vya mbao, kila kimoja na rangi yake, akifuata maagizo ya msimbo unaoitwa talim. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi bei ya mtandio. Mtandio laini wenye lebo ya pashmina unaoupata kwa bei ndogo ni viskosi au akriliki, na kuupitisha kwenye pete ya kidole hakuthibitishi lolote, kwa sababu viskosi nyembamba nayo inapita vizuri tu. Na ukiambiwa ni shahtoosh, usiinunue hata kwa bei ya kutupa: inatokana na swala wa Tibet anayeuawa ndipo manyoya yapatikane, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku.

Lile pambo la tone lililopinda kichwa, ambalo kwenye kanga tunaliita korosho, limetawala shali za Kashmir. India wengi huona embe. Kwenye shali ya Kachchh ya kufumwa hutalikuta mara nyingi, kwa sababu kufuma mviringo kwa kuhesabu nyuzi ni kazi ngumu. Ukilikuta, huenda limetariziwa juu.

Vipimo: skafu ni sentimita 30 hadi 35 kwa upana, stoli kama 70 kwa 200, shali kamili 100 kwa 200 au zaidi kidogo. Kwa hali ya hewa ya Mwanza tunashauri stoli ya sufu nyembamba ya merino, kondoo wa sufu laini, au shali ya kala, pamba ya nyuzi fupi ya asili ya Kachchh inayostawi kwa mvua peke yake. Msukuma aliyekulia shambani mwa pamba ataipenda kala mara moja: ina vinundu vidogo, haiteleziteleza, na kila ikifuliwa inalainika. Pia inavumilia sabuni ya kawaida, kwa hiyo masharti mengi ya kufua yaliyo hapa chini hayaihusu. Sufu nzito ya kondoo wa kienyeji iache kwa anayesafiri usiku kwa meli kwenda Bukoba au anayekaa nje msibani mpaka alfajiri.

Kuivaa

Shali ya Kachchh imepambwa zaidi kwenye ncha mbili. Kosa la wengi ni kuzificha ncha hizo mgongoni au kuzifungia shingoni kama leso ya mafua. Ziache mbele.

Njia rahisi kuliko zote: ikunje mara tatu kwa urefu ibaki na upana wa kiganja na nusu, iweke bega la kushoto, ncha moja ikifika mapajani mbele na nyingine nyuma. Hii inafaa kwenye sendoff, kanisani, na kwa mwanamume aliyevaa suti ya rangi moja. Wanaume wasione aibu. Huko Kachchh shali ni vazi la mfugaji wa kiume tangu zamani. Njia ya pili: itandaze mabegani yote, ncha ya kulia itupe juu ya bega la kushoto, halafu vuta kidogo kifuani isikubane. Ya tatu ni lubega kabisa, chini ya kwapa la kulia na juu ya bega la kushoto, lakini kwa stoli haitoshi. Lazima iwe shali kamili.

Kama gauni ni kitenge chenye maua makubwa, chagua shali ambayo uwanja wake ni rangi moja na mapambo yako ncha tu, na rangi ya uwanja iwe ile iliyojificha ndani ya kitenge, si ile inayopiga kelele. Juu ya baibui jeusi, shali ya nili au nyekundu iliyokolea inakaa vizuri kuliko nyeupe, ambayo itachafuka mpakani mwa shingo ndani ya wiki.

Pini ya kawaida hukata nyuzi. Ukilazimika, tumia pini kubwa ya kujifunga, ipenyeze kati ya nyuzi taratibu bila kuisukuma kwa nguvu, na usiache bruchi nzito ikining'inia siku nzima. Manukato jipake kwanza, yakauke, ndipo uvae. Vikuku vyenye meno, hereni za ndoano na mikoba yenye zipu kali ndivyo vinavyovuta nyuzi zaidi.

Na hili tunaliomba kwa uzito: ukipanda bodaboda, vua shali uiweke kwenye mkoba, au ifunge yote ndani ya koti. Tamvua likinaswa na gurudumu au mnyororo, shingo ndiyo inayofuata.

Kuifua

Sufu haitaki kufuliwa mara kwa mara. Kila ukiivua, itandaze juu ya mgongo wa kiti kivulini, mahali penye upepo, usiku mmoja. Jasho na harufu ya moshi hutoka peke yake. Hata harufu ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba hupungua sana kwa siku mbili za upepo. Kuinyunyizia manukato ili kuificha ni kuongeza mafuta juu ya harufu. Kuifua mara moja au mbili kwa mwaka kunatosha, pamoja na mara moja ya lazima kabla ya kuihifadhi muda mrefu.

Kabla ya yote, jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa maji yenye tone la shampuu, kikandamize upande wa nyuma wa kila rangi kwa dakika moja. Kikitoka cheupe, endelea. Kikipata rangi, usiitie majini. Mpelekee dobi anayesafisha kwa dawa kavu. Chumvi na siki haziwezi kuizuia rangi ambayo haikushikishwa tangu mwanzo, ingawa wengi wanaamini hivyo. Nili ina tabia yake: hata iliyo nzuri huacha buluu kidogo ikisuguliwa kavu ikiwa mpya, na hiyo si dalili ya ubovu.

Ipime kwa futi ya fundi, urefu na upana, na uandike. Vipimo hivyo utavihitaji wakati wa kuanika.

Maji yawe ya bomba au ya mvua. Ya mvua ni laini na mazuri sana, mradi bati si la kutu, kwa sababu doa la kutu kwenye sufu halitoki kirahisi. Usifulie ziwani. Mchanga hukaa kati ya nyuzi na kuzikata polepole, mwani huacha ukijani, na wewe mwenyewe unajiweka kwenye hatari ya kichocho.

1. Weka lita 10 za maji kwenye beseni pana. Yawe ya baridi au ya uvuguvugu usiozidi nyuzijoto 30 za Selsiasi. Ukitia kiwiko, usihisi joto.
2. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha shampuu ya mtoto mpaka iyeyuke yote. Ndipo uitie shali, si kinyume chake.
3. Izamishe kwa viganja bapa, bonyeza na kuachia kama dakika tatu. Usisugue, usipikiche, usikamue. Iache itulie dakika tano, zisizidi kumi.
4. Iinue kwa mikono miwili chini yake kama unavyombeba mtoto mchanga, kwa sababu sufu iliyolowa ni nzito na nyuzi zake zimelegea. Mwaga maji.
5. Suuza mara mbili au tatu kwa maji ya joto lilelile. Usitoke kwenye uvuguvugu ukaingia kwenye maji ya barafu.
6. Itandaze juu ya taulo kubwa kavu, viringisha taulo na shali pamoja kama mkeka, bonyeza kwa magoti. Rudia kwa taulo la pili.

Sababu ya masharti haya ni hii. Kila unyoya wa sufu una magamba madogo, kama ya samaki. Joto na sabuni huyafungua, msuguano huyafanya yashikane, na yakishikana hayaachani tena. Shali inasinyaa, inakuwa nene na ngumu kama busati. Hakuna dawa ya kuirudisha. Sabuni ya mche na magadi huifanya sufu kuwa kavu na yenye kukatika. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vilivyotengenezwa kula madoa ya protini, damu na maziwa. Sufu yenyewe ni protini. Jiki inaiyeyusha kabisa: uzi wa sufu ukiachwa ndani ya jiki kali utaukosa baada ya muda. Kama shali ilifuliwa zamani kwa sabuni kali na imekakamaa, tia vijiko viwili vya siki nyeupe kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Ila ikiwa rangi zake ni za mimea, yaani maganda ya komamanga, maganda ya kitunguu na mizizi, jaribu siki kwanza kwenye pembe moja, kwa sababu rangi hizo hubadilika zikikutana na uchachu au magadi.

Shali yenye vioo vidogo vilivyotariziwa isiviringishwe kwenye taulo. Ibonyeze tu ikiwa bapa kati ya taulo mbili.

Madoa yashughulikie siku hiyohiyo. Chai na damu: maji baridi, kwa kubonyeza na kitambaa, kutoka nje ya doa kuja katikati. Mafuta ya pilau: nyunyiza poda ya mtoto, iache masaa machache inyonye, kisha ipanguse kwa brashi laini. Manjano ya kupikia ni mkaidi. Jua huyafuta kwenye kitambaa cheupe cha pamba, lakini kwenye shali yenye rangi jua hilohilo litaondoka na rangi yako pia.

Kuanika: usiitundike kamba. Uzito wa maji utaivuta, utapata shali ndefu nyembamba yenye alama ya kamba katikati. Tandika mkeka, juu yake taulo kavu, itandaze shali bapa kivulini, na uivute pole kwa viganja mpaka irudi kwenye vipimo ulivyoandika. Chana matamvua kwa vidole. Yale mawe makubwa ya nyuma ya nyumba, yaache: mchana yanakuwa kikaango, na upande ulioshika jiwe utakauka na kukakamaa kabla upande wa juu haujaanza. Wakati wa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi, anika ndani na ufunge madirisha. Wakitua kwenye sufu mbichi na kupondwa wanaacha madoa. Masika, kukauka kwaweza kuchukua siku mbili. Igeuze kila baada ya saa sita.

Pasi iwe ya joto la sufu, shali ikiwa na unyevu kidogo upande wa nyuma, na katikati weka kipande cha pamba nyeupe kilicholowa na kukamuliwa. Bonyeza na uinue, usiburute. Pasi ya mkaa inawezekana, lakini ijaribu kwanza kwenye kipande hicho cha pamba na uangalie cheche. Ukimpelekea dobi, mwambie waziwazi maneno matatu: isisuguliwe, isichemshwe, isitiwe wanga.

Nondo na ukungu

Anayekula sufu si nondo mkubwa anayezunguka taa jioni. Nondo wa nguo ni mdogo, rangi ya majani makavu, urefu kama milimita saba, na hukimbia mwanga. Hata yeye hali sufu. Wanaokula ni viwavi wake weupe. Hupenda zaidi sehemu zenye jasho, mafuta ya ngozi na mabaki ya chakula, kwa hiyo shali iliyohifadhiwa chafu ni meza iliyoandaliwa. Dalili ni matundu yasiyo na mpangilio, nyuzi laini kama utando, na chembechembe za rangi ya shali yenyewe, ambazo ni kinyesi chao.

Ihifadhi safi na kavu kabisa, imekunjwa, ndani ya mfuko ulioshonwa kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu, na kwa hewa ya kandokando ya ziwa utapata ukungu na harufu ya chumba kilichofungwa. Sanduku la bati huzuia panya vizuri lakini huleta majimaji usiku likipoa. Liinue juu ya mbao, na ndani tandika kitambaa kikavu chini na pembeni. Kila miezi miwili itoe, ikung'ute nje, itandaze masaa mawili kivulini, na uikunje kwa mistari mipya. Mkunjo ukikaa mahali pamoja miaka mingi, nyuzi zinaweza kukatika hapohapo.

Karafuu na majani makavu ya mwarobaini, kwenye kifuko kidogo, hufukuza kiasi lakini haviui viwavi waliokwisha kuingia. Badilisha kila baada ya miezi mitatu. Naftalini inaua, ila mvuke wake ni sumu: hatuishauri kwenye chumba anacholala mtu, na nguo iliyokaa nayo asivikwe wala kufunikwa mtoto mchanga, kwa sababu kwa baadhi ya watoto huvunja chembe nyekundu za damu.

Ukikuta viwavi, dawa bora ni baridi. Ikunje shali ikiwa kavu, itie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, tia kwenye mfuko wa pili (hasa kama friza ndiyo ya samaki), na uiweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka barafu ikaanza kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Ukiitoa, usiifungue kwa saa 24. Umande ushike nje ya mfuko, si kwenye sufu. Halafu ikung'ute na uifue. Sanduku nalo lisafishe kwenye pembe zote, maana mayai hubaki humo.

Kurekebisha

Uzi uliovutika usiukate. Chukua sindano butu ya kufumia sweta, tafuta uzi huo unapoingia kitambaani, na uurudishe kidogo kidogo kwenye njia yake, uzi hadi uzi, kushoto na kulia kwa kitanzi. Kinachobaki kivute upande wa nyuma. Vijipira vya manyoya vinavyojitokeza kwapani na begani vikate kwa mkasi mdogo, shali ikiwa imenyooshwa mezani. Ukivichomoa kwa vidole utavuta na vingine.

Tundu lisilozidi nusu sentimita unaweza kulitililia mwenyewe, yaani kuliziba kwa kufuma kwa sindano. Uzi wa kutililia utoe kwenye tamvua la pembeni, hapo rangi na unene vinalingana. Anza nusu sentimita nje ya tundu, kwenye kitambaa kizima, pitisha nyuzi za urefu sambamba mpaka nusu sentimita ng'ambo, bila kukaza. Kisha geuka, pitisha sindano kwa upana: juu ya uzi mmoja, chini ya mmoja, mstari unaofuata kinyume chake. Ukikaza, patakunjamana. Tundu kubwa zaidi, au lililo ndani ya pambo, mpe fundi mwenye mkono wa kutarizi. Kashmir kazi hiyo ina mafundi wake maalumu, warafugari.

Tamvua lililofumuka ni kazi ya dakika tano, lakini usilicheleweshe, kwa sababu mshindio utaanza kuteleza nje. Kwanza usukume mshindio urudi mahali pake kwa kitana cha meno membamba. Hesabu nyuzi nane za mtande, zigawe nne na nne. Shika fungu la kwanza, lisokote kuelekea kulia mara ishirini, mpaka lianze kujikunja lenyewe ukililegeza, na ulibane kwa kibanio cha nguo. La pili vilevile, kulia, mara ishirini. Yaunganishe ncha zake na uyasokote yote mawili pamoja kuelekea kushoto. Yatajifunga kama kamba ya mtumbwi. Piga fundo, lisogeze kwa ncha ya sindano mpaka lilingane na mafundo ya jirani, likaze, kisha kata kinachozidi ukiacha nusu sentimita chini ya fundo.